Kusoma karata kumi za taroti: jua kwanza mahali pa kila karata

Juzi wifi yangu alinijia na swali: ahamishe duka lake la vitenge kutoka uchochoroni kwenda barabarani, au atulie? Tulikaa mkekani kwa muda wa saa tatu, na mbili kati ya hizo zilipotea kwa kosa langu. Naandika hatua hizi ili wewe usipite nilikopita.

Hatua ya 1: Karata

Taroti ni karata za kutazamia mambo. Chukua zile zilizotoka London mwaka 1909, alizochora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Za mtindo wa Marseille zina asili kongwe zaidi, lakini karata zake za namba hazina picha za watu. Vikombe vitano ni vikombe vitano tu, huna pa kushika. Na ziwe karata za mkononi, si programu ya simu.

Ziko 78. Kati yake 22 ni turufu, yaani karata kubwa zenye majina yake, kama Jua na Kifo, na 56 zimegawanyika makundi manne. Kama umewahi kucheza karata, makundi hayo unayajua: kopa, uru, shupaza na pau ni majina tuliyoachiwa na Wareno, na kwao ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Ndiyo hayo hayo ya taroti, ila dhahabu huchorwa kama sarafu. Kopa ni moyo, uru ni mali, shupaza ni mawazo na ugomvi, pau ni juhudi. Wifi alishika kwa dakika kumi.

Hatua ya 2: Swali

"Nitafanikiwa?" halisomeki. "Nikihama kabla ya Ramadhani, nitakutana na nini?" linasomeka. Liandike. Ugonjwa usiusomee karata. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Hatua ya 3: Changa, kata, panga

Hatua ya 4: Mahali pa kila karata

Tunatumia Msalaba wa Kiselti, mpango wa karata kumi. Ya kwanza hukaa katikati: hali ilivyo. Ya pili hulazwa juu yake kwa kukingama: kizuizi. Nne huzunguka, yaani juu, chini, nyuma na mbele. Nne za mwisho husimama safu moja pembeni kulia, kutoka chini kwenda juu: wewe, waliokuzunguka, matumaini na hofu zako, na ya kumi ni mwisho wa jambo.

Shida iko kwenye zile nne zinazozunguka. Walimu hawakubaliani. Wengi wa siku hizi huweka yaliyopita kushoto na yajayo kulia. Waite yeye aliweka kwanza karata ya kumwakilisha muulizaji, chini ya zote, na upande inakotazama sura ya karata hiyo ndio mbele. Ikitazama kushoto, kesho iko kushoto.

Nimejifunza kwa watu wawili, na siku ile nilipanga kwa mmoja nikasoma kwa mwingine. Kushoto ilianguka tano ya vikombe: mtu wa joho jeusi, kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Kulia, sita ya panga. Nikamwambia wifi kuna hasara inakuja. Akanyamaza, akawa anakunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Karata ya kumi ilikuwa Jua, karata ya heri, nami nikahangaika kuvipatanisha viwili hivyo, havikupatana. Mwisho yeye ndiye aliyesema, "Wifi, hasara si nimeshaipata? Masika maji yaliingia dukani, vitenge vya chini vyote vikaoza." Nikatazama nilivyopanga. Kushoto palikuwa mahali pa yaliyopita. Karibu nimtishe mtu aache riziki yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga, chora msalaba kwenye karatasi na uandike namba na maana ya kila mahali. Usibadilishe katikati, hata karata ikikuchukiza. Ukitumia karata ya muulizaji na sura yake haielekei upande wowote, yeye mwenyewe ataje upande wa mbele kabla hujapanga. Ya sita, yaani ile ya mbele, ikipingana na ya kumi, hakiki mahali kwanza, maana baadaye. Mahali pakiwa sawa, ziache zipingane: ya sita ni ya karibuni, ya kumi ni ya mwisho, na mvua ya leo haizuii jua la kesho kutwa.

Hatua ya 5: Soma picha

Kijitabu cha maana kinachokuja na karata kiweke kando. Katika sita ya panga mtu anasukuma mashua kwa pondo. Mbele yake mama kajitanda, yuko na mtoto, na panga sita zimesimama ndani ya chombo. Maji ya upande mmoja yanachafuka, ya upande wa pili yametulia. Nikamwambia wifi: utahama, lakini lile deni la mzigo ulioharibika unasafiri nalo, lipangie fedha.

Ikitokea Kifo, turufu ya 13, mwonyeshe muulizaji jua lililo kati ya minara miwili kule nyuma kabla hajashtuka.

Hatua ya 6: Zilizopinduka

Zikitoka kichwa chini, mimi nazigeuza zikae sawa. Karata kumi zina maneno ya kutosha.

Hatua ya 7: Hifadhi

Andika tarehe, karata zote na ulichosema. Ya wifi iko ndani ya sanduku lake la fedha. Swali lile lile usiliulize tena mpaka jambo lenyewe lisogee.