Kupima mentholi inavyopitisha dawa kwenye ngozi ya nguruwe

Fika machinjioni mapema, uchukue masikio kabla nguruwe hajamwagiwa maji ya moto ya kunyonyolea manyoya. Maji hayo huvuruga tabaka gumu la juu, na dawa itapita hata bila mentholi. Kazi yote inakuwa bure. Beba kwenye barafu, osha kwa maji baridi, punguza manyoya kwa mkasi (wembe huchubua), kisha chuna ngozi ya nyuma ya sikio na kuitenga na gegedu.

Yeyusha dawa unayoipima pamoja na gramu 0.5 za mentholi (kiini cha mnanaa) kwenye ethanoli, ujaze hadi mililita 10: mentholi asilimia 5. Mentholi hulegeza mpangilio wa mafuta yaliyo kati ya seli. Andaa pia mchanganyiko wa kulinganishia, wenye dawa kiasi kilekile bila mentholi.

Bana ngozi kwenye chemba ya Franz (chombo cha kioo chenye sehemu mbili, ngozi ikikaa katikati), bafa, yaani kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi, ya pH 7.4 ikiwa chini. Inamisha chemba mpaka mapovu yaishe, maana povu chini ya ngozi huziba njia. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai hupoza vyombo upesi, hivyo pima joto juu ya ngozi yenyewe, liwe nyuzi 32. Weka mchanganyiko juu ya ngozi, kisha funika mdomo wa chemba, mentholi huruka. Kila saa chota mililita 0.5 kutoka chini ili kupima dawa iliyopita, urudishie bafa mpya yenye joto, kiasi hichohicho.