Somo: Kutafuta namba ya oksidisho ya metali

Namba ya oksidisho ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo kama elektroni za kila kifungo zingehesabiwa kuwa za atomu inayozivuta zaidi. Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na ile metali wasiyoijua namba yake. Anza na majirani zake. Oksijeni, klorini, potasiamu: namba zao unazo kabla hujashika kalamu.

Hatua ya 1. Andika fomula, kisha weka namba za wasiobadilika. Sodiamu na potasiamu ni +1, magnesiamu na kalsiamu +2, alumini +3. Oksijeni kwa kawaida ni −2, haidrojeni +1. Klorini ikiungana na metali peke yake ni −1.

Hatua ya 2. Zidisha kila namba kwa idadi ya atomu, jumlisha. Kampaundi isiyo na chaji lazima ilete sifuri. Ioni, yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji, ilete chaji yake.

Hatua ya 3. Metali iite x, tafuta x.

Permanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau, ni KMnO₄. Potasiamu +1, oksijeni nne −8:
1 + x − 8 = 0, x = +7.

Dikromati ya potasiamu, K₂Cr₂O₇:
2 + 2x − 14 = 0, 2x = 12, x = +6.
Hapa ndipo watu huandika +12 na kufunga daftari. Kromiamu ziko mbili, gawanya!

Mrututu, CuSO₄, huwatoa watu jasho bure. Ukitafuta salfa na shaba kwa pamoja, una x na y ndani ya mlinganyo mmoja. Ichukue salfeti nzima, yaani SO₄, ina chaji ya −2, basi shaba ni +2. Maji yaliyomo kwenye fuwele zake za buluu hayabadilishi hesabu, kwa kuwa jumla yake ni sifuri.

Chuma ni +2 katika FeCl₂, +3 katika FeCl₃, na tofauti hiyo utaiona kwa macho. Tia myeyusho wa haidroksidi ya sodiamu kwenye kila moja: ya kwanza hutoa mashapo (chembe ngumu zisizoyeyuka) ya kijani, ya pili mashapo yenye rangi ya kutu. Yale ya kijani yaache mezani kidogo. Yataanza kugeuka kahawia kwa juu, panapogusa hewa, maana oksijeni inaipandisha chuma kutoka +2 kwenda +3.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, kwenye Fe₃O₄ napata 8/3. Nimekosea wapi?
Hujakosea popote, huo ni wastani. Kati ya chuma tatu, moja ni +2 na mbili ni +3. Jumlisha: 2 + 3 + 3 = 8, zinalingana na oksijeni nne.

— BaO₂ kwa nini bariamu isiwe +4?
Bariamu ni ya kundi la 2 kwenye jedwali la elementi, pamoja na magnesiamu na kalsiamu, haivuki +2. Hiyo ni peroksidi, yaani oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo anayebadilika ni oksijeni: kila moja ni −1. Ndiyo maana nilisema "kwa kawaida".

— Kwa hiyo ndani ya permanganeti kuna ioni ya Mn⁷⁺?
Hapana. Manganizi imeshikana na oksijeni nne kwa kuchangia elektroni. Ile +7 ni hesabu tunayoipata tukichukulia kwamba elektroni zote za vifungo hivyo ni za oksijeni. Ioni zilizomo ni K⁺ na MnO₄⁻.