Somo: Kurudi Morningside na maporomoko ya Choma kwa siku moja, bila kuvunja kibubu

Wakuu, somo hili ni la wale waliopanda Morningside, ile nyumba ya zamani mlimani juu ya mji wa Morogoro, mara moja, wakapiga picha, wakashuka wakisema milima ya Uluguru wameimaliza. Bado. Sisi watu wa Dar tunahesabu milima kama mihuri ya pasipoti: mwezi huu Morogoro, mwezi ujao Lushoto, halafu mtu anaanza kuulizia Kilimanjaro hata hajajua magoti yake yakoje kwenye mteremko. Kwa maoni yangu anayeanza atafute mlima mmoja wa karibu na wa bei nafuu, aurudie mpaka auzoee. Kwa aliyeko Dar au Morogoro, mlima huo ni Uluguru upande wa mjini.

Kurudia kuna faida ya mwili kabisa, si mapenzi tu. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inajikaza huku inavutwa. Ndiyo maana kesho yake na keshokutwa unashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, watoto wanakucheka. Ukirudia mteremko wa namna hiyo ndani ya wiki chache, maumivu hupungua sana, hata kama katikati hukufanya mazoezi yoyote ya maana. Ukikaa miezi mingi, misuli inasahau na unaanza upya. Kwa hiyo safari ya pili ipange kabla ya mwezi na nusu kupita, si "nikipata nafasi".

HATUA YA 1: Chagua msimu

Uluguru inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua ni nyingi zaidi. Upande wa mjini ni mkavu kidogo, lakini masika ya Machi hadi Mei hayana mchezo. Njia inakuwa tope jekundu linaloteleza kama sabuni na mawe ya mtoni hayakanyagiki. Anayeanza asiende kipindi hicho.

Wakati ninaoupenda ni Juni na Julai. Njia imeanza kukauka, baridi ni ya kuvaa sweta asubuhi, na maporomoko bado yana nguvu, kwa sababu msitu wa juu unayashika maji na kuyaachia polepole. Msitu huohuo ndio unaolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoleta maji Dar es Salaam. Ukifika Septemba au Oktoba kabla ya vuli, utaona mbali zaidi, ila maji yatakuwa membamba. Kama mara ya kwanza ulikwenda mwishoni mwa kiangazi ukasema "maporomoko yenyewe ndiyo haya?", Juni nayo rudi tena.

HATUA YA 2: Usafiri

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, safari ya siku moja imekuwa jambo la kawaida. Nauli ya treni ya kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mwendo ni chini ya saa mbili. Angalia bei ya siku unayosafiri, maana treni ya haraka ina bei yake. Kata tiketi mapema mtandaoni, hasa ya Jumamosi, na ubebe kitambulisho kilichotumika kukatia. Panda ya kwanza ya asubuhi. Ya kurudi kata ya jioni kabisa. Ukikata ya saa 10 utashuka mlima unakimbia, na hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika.

Stesheni ya SGR iko Kihonda, si katikati ya mji. Toka nje ya geti ndipo upatane na bodaboda au bajaji, au tembea kidogo upate daladala ya mjini. Basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, nalo ni sawa, ila foleni ya Kibaha inaweza kula asubuhi yako yote.

HATUA YA 3: Bajeti

Mimi hutenga 60,000 kwa siku nzima kutoka Dar, na mara nyingi inabaki. Treni kwenda na kurudi ndiyo mzigo mkubwa. Kinachofuata ni boda na daladala, chakula, na mchango wa kumlipa kijana mwenyeji wa kutuongoza. Hapo kwenye kijana ndipo wengi wanabana mahali pasipofaa: mkiwa watano, malipo yake mkigawana hayamuumizi mtu, na njia ya Choma ina vichochoro vya mashambani ambavyo simu haivijui. Pataneni kabla ya kuanza, kwa siku nzima, mkitaja wazi kwamba mnakwenda Morningside na Choma pia.

Ukiingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kuna kiingilio. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, na malipo ni kwa kontroli namba. Usimpe mtu taslimu njiani bila risiti.

HATUA YA 4: Vitu vya kubeba

Raba zenye meno. Soko la Karume, Dar, utazipata za mtumba kwa bei nzuri; kunja soli, ikiwa ngumu kama ubao iache. Maji lita mbili, chapati au mihogo ya kuchemsha, karanga, pakiti moja ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, koti jepesi la mvua, tochi hata kama mnapanga kurudi mchana, na soksi za akiba. Basi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo takataka zako zirudi na wewe kwenye mfuko wa kitambaa.

(Mtapishana na mama mwenye yeboyebo miguuni na mkungu wa ndizi kichwani, naye atawaacha mbali. Msijilinganishe naye, amezaliwa huko.)

HATUA YA 5: Kupanda

Anzia mjini kwa miguu, barabara ya Boma, pita ofisi za mkoa, uelekee bustani ya Rock Garden ukiufuata mto Morogoro. Bodaboda watataka kukupandisha juu zaidi. Kama ni mara yako ya kwanza na pumzi ni fupi, kubali kipande kidogo. Kama ni marudio, kataa, kwa sababu kipande hicho cha chini ndicho kipimo chako.

Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari na Morningside imepita 1,000. Kanuni ya wapanda milima ni saa moja kwa kila kilomita tano za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa anayeanza ongeza tena nusu yake, utapata saa mbili na nusu hadi tatu. Andika muda uliofika mahali pale pale kila safari: darajani, kwenye nyumba za kwanza za mlimani, Morningside yenyewe. Usishindane na wenzako. Shindana na karatasi yako.

Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuongea, punguza hatua, usisimame. Wanaoanza hukimbia dakika kumi na kukaa dakika kumi, na huko kukaa ndiko kunakowachosha. Misuli inapoa kisha inaamshwa kwa nguvu.

Asubuhi wakulima wanashuka na mboga, ndizi na matunda kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wapishe upande wa ndani wa njia, maana wamebeba mzigo na wewe umebeba chapati. Salimia. Kwa wazee shikamoo haikwepeki, na kupiga picha watu au mashamba yao ni mpaka uombe. Hayo mashamba ya mteremkoni yana historia: mwaka 1955 Waluguru waligomea amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, ugomvi ukawa mkubwa hadi mpango wenyewe ukafa. Ukiona mzee ana maoni makali kuhusu wageni wanaokuja kumfundisha kulima, usishangae.

Morningside ni nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, na kutoka hapo unauona mji wote chini yako na, hewa ikiwa safi, bwawa la Mindu. Kula hapa, siyo kwenye maporomoko. Hewa itakuwa ya baridi kuliko mjini kwa nyuzi kadhaa, kwani joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Fulana iliyoloa jasho ivue kabla ya kukaa.

HATUA YA 6: Choma

Kutoka Morningside kijana wenu atawapitisha mashambani kuelekea Choma. Hapa sheria ni moja: mkiwa hamjaondoka Morningside saa 7 mchana, acheni Choma, itakuwa sababu ya kurudi. Jua linazama kabla ya saa 1 jioni na bondeni giza huingia mapema zaidi.

Mkifika, angalieni maji kabla ya kuangalia kamera. Mvua inaweza kunyesha juu msituni huku kwenu jua linawaka. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya kahawia, yakileta majani na vijiti, au mlio ukinenepa, tokeni mtoni mara moja na mpande juu; msivuke kwenda kuchukua begi. Mawe yenye utando wa kijani msiyakanyage hata mkiwa na raba za bei gani. Na kuruka ndani ya dimbwi ni marufuku kwenye kundi langu: jiwe halionekani kwenye maji yenye povu.

HATUA YA 7: Kushuka

Hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, fimbo mbele. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Hapo ndipo utaiona faida ya kurudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina kilo 98 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Naweza?

Jibu: Unaweza kufika Morningside, ila usiunganishe na Choma siku ya kwanza. Kabla ya hapo panda ngazi za ghorofa wiki tatu hivi, na uzishuke kwa miguu pia, usitumie lifti kushuka. Kama una presha au moyo, muone daktari kwanza, mimi siyo daktari.

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wasichana watatu, ni salama kwenda wenyewe?

Jibu: Marahaba. Njia ya Morningside ina watu wengi asubuhi, lakini nendeni na mwenyeji aliyependekezwa na mtu mnayemfahamu au aliyesajiliwa na mradi wa utalii wa utamaduni pale mjini, siyo kijana aliyewadaka stendi. Pitieni ofisi ya mtaa au kijiji mjitambulishe, na mwachieni mtu nyumbani jina la kiongozi na saa ya kurudi. Simu zenu msizishike mkononi mjini.

Swali: Maji ya mtoni si ni masafi? Yanatoka msituni.

Jibu: Yanatoka msituni, yanapita mashambani na nyumbani kwa watu. Usinywe bila kuchemsha au kutia dawa. Kunawa uso ruksa.

Swali: Watoto wangu wana miaka 7 na 10. Na nauli yao je?

Jibu: Wa miaka 10 atakushinda wewe, dada. Wa miaka 7 mpeleke nusu ya njia kwanza, hadi maeneo ya mtoni juu ya Rock Garden, mcheze, mrudi. Akiomba kurudi tena, safari ya pili mnafika juu. Kwenye SGR watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Kwenye maporomoko mtoto ashikwe mkono muda wote.

Swali: Nimeshafika Morningside mara nyingi, Choma nako nimezoea. Nini kinafuata kwa bajeti hiyohiyo?

Jibu: Bondwa, kile kilele chenye minara. Kimepita mita 2,100, na njia inaingia kwenye hifadhi, kwa hiyo kibali na kiongozi ni lazima. Usijaribu kwa treni ya asubuhi kutoka Dar na kurudi usiku uleule. Lala mjini gesti ya kawaida, uanze saa 12 alfajiri. Lupanga, jirani yake, urefu ni karibu uleule lakini njia yake ni kali zaidi. Iache mpaka Bondwa iwe nyepesi kwako.

Swali: Na maporomoko ya Hululu, kule Bunduki, Mgeta? Nimeona picha, ni makubwa kuliko Choma.

Jibu: Ni makubwa, na mazingira ya Mgeta ni mazuri mno, mboga na matunda ya baridi kila upande. Lakini ni barabara ya Mzumbe kisha kupanda kwa gari au pikipiki, na mvua ikinyesha barabara hiyo inabadilika tabia. Kwa anayetoka Dar, hiyo ni safari ya kulala. Kwa aliyeko Morogoro inawezekana kwa siku moja kati ya Juni na Septemba mkichanga gari mapema. Kabla ya kulipa, mpigie mtu wa Mgeta umuulize jana mvua ilinyesha au la.