Kabla ya kupima shinikizo la damu la panya usiku na mchana: maandalizi kwa maabara za Mbeya na Iringa

Panya wa maabara hukesha. Shinikizo lake la damu hupanda taa zikizimwa na kushuka zikiwashwa, kinyume cha binadamu. Kwa hiyo kinachoandaliwa kwanza ni chumba, upasuaji wa kumwekea panya kipimo ndani ya mwili baadaye. Taa ziwake saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni kwa taima yenye betri yake. Isiyo na betri husimama umeme ukikatika, na umeme ukirudi baada ya saa tatu, usiku wa panya umesogea saa tatu. Ingieni chumbani taa zikiwa zimezimwa, kaeni mpaka macho yazoee giza, kisha tafuteni nyufa za kuziba. Fomu zote zijazwe kwa saa za kompyuta, yaani 20:00 na si "saa mbili".

Baridi ya Juni na Julai huja usiku, wakati uleule shinikizo la panya linapopanda lenyewe, na yenyewe pia hulipandisha. Utadhani ni mdundo wa usiku na mchana wa panya mwenyewe, kumbe ni chumba. Hita iwe na kidhibiti joto, isiyotoa mwanga, na kipimajoto kinachorekodi kikae usawa wa vizimba.

Kinachosahaulika zaidi ni mwinuko. Transmita ya tumboni (kifaa kinachopandikizwa na kutuma vipimo kwa redio), yenye mrija ndani ya aota, mshipa mkuu wa damu, hupima shinikizo kamili, la hewa likiwemo. Pwani hewa ni takriban milimita 760 za zebaki. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu 620. Ili kubaki na shinikizo la damu tu, la hewa hutolewa; mkiwa Mbeya mkitoa 760 badala ya 620, panya mwenye 120 atasomeka -20. Takwimu za hali ya hewa mara nyingi huwa zimeshasahihishwa ziwe za usawa wa bahari, kwa hiyo zitakuletea kosa hilohilo. Wala 620 isiyobadilika haitoshi: ukanda wa tropiki hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, milimita 2 hivi, na hilo litaingia kwenye grafu kama mdundo wa mnyama. Baromita irekodi muda wote, sambamba na transmita.

Chakula cha kuchanganya wenyewe chenye dagaa wa chumvi hakifai, hasa kwa panya wa Dahl, ukoo wa maabara wa aina ambayo shinikizo lake hufuata chumvi. Maranda ya misonobari ya Mafinga ni rahisi kupata, ila yasiyokaushwa kwa moto huchochea vimeng'enya vya ini. Kama mnajaribu dawa, itavunjwa haraka kuliko kawaida.

Baada ya upasuaji, subirini siku 7 hadi 14, uzito urudi na tofauti ya usiku na mchana ionekane tena, ndipo mrekodi saa 72 au zaidi bila kusafisha vizimba. Rekodini na mwendo pia: panya wa TGR(mREN2)27, ukoo uliobadilishwa jeni, shinikizo lake hufika kilele mchana ilhali mapigo na mwendo hubaki vya usiku, na bila mwendo mtadhani taima imegeuka. Kipimo cha mkiani, cha mkanda unaobana mkia, hakifai kwa kazi hii, maana kumbana panya na kumpasha joto tayari kunabadilisha shinikizo linalopimwa.