Vifaa vya zamani vya mazingaombwe: namna ya kuvinunua, kuvitunza na bado kula navyo

Chini ya kitanda changu, Temeke, lipo tranka la bati kama la mwanafunzi wa bweni, na ndani yake imo lota ya shaba inayonizidi umri. Lota ni chombo cha maji cha Kihindi, tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Kwenye mazingaombwe kazi yake ni moja: unaimimina mbele ya watu mpaka inakauka, unaitua mezani, unaendelea na mengine, halafu unairudia na inamwaga maji tena. Mara tano, mara sita, mpaka watoto wanakukumbusha wenyewe: "Babu, bado ile!" Nilipewa Tanga mwaka 1991 na mzee wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka lake la cherehani. Sikutoa hata senti. Vyote vilivyofuata nimevilipia, na vingine nimevilipia mara mbili.

Vijana wanaoanza kazi hii hunipigia simu wakiuliza vifaa vya zamani vinapatikana wapi. Hilo ni swali la pili. Nitaeleza ninavyofanya mimi, ila siri za vifaa sizitaji. Aliye fundi atanielewa nikipita kando, na asiye fundi hatapungukiwa.

Anza na uwanja, si na kifaa

Wapo wakusanyaji wa kuweka kabatini. David Copperfield, mwanamazingaombwe wa Marekani, alinunua mwaka 1991 mkusanyiko mzima wa mwenzake wa zamani, John Mulholland, akaujengea makumbusho yake mwenyewe Las Vegas. Mimi nina kodi ya nyumba, kwa hiyo kila kinachoingia kwenye tranka lazima kipande bajaji, kivumilie upepo wa uwanja wa shule na kirudi na hela.

Hapo ndipo wengi hupotea. Vifaa vingi vya zamani vya Ulaya na Marekani vilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi: watazamaji wote mbele, taa juu, pazia nyuma. Mahafali ya darasa la saba hayako hivyo. Watoto wanakuzunguka kama wanatazama ajali, na waliokosa nafasi wako juu ya mwembe. Mwaka wangu wa tatu wa kazi nilinunua kisanduku kizuri sana cha kutolea vitambaa vya hariri, nyekundu na dhahabu, kwa pesa ya miezi miwili. Onyesho la kwanza, Kigamboni, kabla sijatoa kitambaa cha pili, sauti ikatoka juu ya mti: "Mwalimu, viko hapo nyuma!" Kisanduku hicho sasa nakitumia kwenye kumbi zenye ukuta nyuma yangu, na hizo ni chache.

Kwa hiyo nunua kwanza vile vilivyozaliwa barabarani. Vikombe vitatu na mipira, pete za Kichina (za chuma, zinazoshikana na kuachana), mfuko wa yai (yai linapotea ndani yake na kurudi), kamba, lota. Wachezaji wa India walichezea vikombe chini kabisa, wamekaa katikati ya watu, na ndiyo maana vikombe vyao ni vifupi na vina kirungu juu cha kushikia. Wamisri walioitwa gali-gali walikuwa wakipanda meli pale Port Said na kutoa vifaranga kwenye vikombe na hata mifukoni mwa abiria. Abiria wengi waliokuja Mombasa na Dar kupitia mfereji wa Suez waliwaona. Kifaa kilichomudu sitaha ya meli kitaumudu uwanja wa Mbagala.

Kununua

Mimi hupita Karume, Ilala, asubuhi marobota yanapofunguliwa, si kwa ajili ya nguo bali kwa wanaouza mabaki ya makontena: masufuria, midoli, vyombo vya mapambo. Hupita pia kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja, ingawa pale bei humsubiri mtalii. Na husikiliza habari za familia zinazohama. Ukifika nyumba ya namna hiyo usiulize "mazingaombwe", mtu atashtuka. Uliza kama kuna vitu vya michezo vya babu. Nimepata seti ya pete hivyo, zilikuwa zimetundikwa jikoni.

Pete zihesabu. Seti nyingi za zamani ni za pete 8. Zipange zote sakafuni, linganisha upana na unene, kisha zigonge moja moja usikilize. Mlio ukitofautiana, seti imechanganywa. Halafu tafuta ile unayoijua wewe. Kama haimo, unanunua bangili za tembo.

Lota ijaze maji, imimine, itue, subiri. Anayejua anajua anasubiri nini. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Umri wa kifaa usiuchukue mdomoni mwa muuzaji. Tazama skrubu. Zenye kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukiambiwa sanduku ni la 1910 na skrubu zake ni za msalaba, ama limetengenezwa upya ama unatengenezwa wewe. Mhuri wa "Western Germany" unakuweka kati ya 1949 na 1990. Karatasi ya maelekezo ya Uingereza yenye bei ya shilingi na peni ni ya kabla ya Februari 1971, Waingereza walipobadili hesabu ya fedha zao. Niliwahi kushika karatasi iliyoandikwa 12/6, yaani shilingi 12 na peni 6. Kijana aliyekuwa akiuza akaniambia, "Mzee, bei si hiyo hapo? Kumi na mbili na mia sita." Nikalipa elfu kumi na mbili na mia sita bila kubisha. Kilichokuwamo ni mfuko wa yai na karatasi yenye kichwa cha shetani, alama ya duka la Davenport la London, lililoanza mwaka 1898.

Minada ya mtandaoni ipo, na ya Chicago ina katalogi ambazo mtu anaweza kuzisoma kama hadithi. Zisome, jifunze bei, jifunze majina ya watengenezaji: Thayer wa Los Angeles kwa vifaa vya mbao, Abbott wa mji mdogo wa Colon, Michigan, tangu 1934. Lakini kabla ya kubonyeza, jumlisha ada ya mnunuzi, usafiri na ushuru. Mara moja nilinunua kiboksi cha dola 60, kikafika mlangoni kikiwa kimenila zaidi ya mara mbili ya hapo. Tena penye ukaguzi wa vifurushi afisa mmoja alitaka nimwonyeshe kinavyofanya kazi, mbele ya foleni nzima. Nilikicheza. Wakapiga makofi, ushuru haukupungua.

Pwani ni adui

Watu wa Ulaya huandika kuhusu vumbi. Sisi tuna chumvi ya hewani, unyevu wa masika, mchwa, nondo na mende anayekula gundi ya karatasi. Hariri zifue kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, zianike kivulini, zihifadhi na karafuu kavu kwenye kijifuko. Hariri ya zamani usiikunje palepale kila siku, itakatika kwenye mkunjo. Karata za karatasi hunywa unyevu na kushikana, kwa hiyo ziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Vikishiba maji, vibadilishe.

Shaba ya manjano sisi tunajua kuing'arisha: ukwaju, au ndimu na majivu, na bibi zetu walifanya hivyo kabla ya dawa za dukani. Kwa sufuria, sawa. Kwa kifaa cha kazi, fikiri kwanza. Kama juu ya shaba kuna nikeli, ukwaju na kusugua vitaimaliza, utabaki na madoa. Na kama utakiuza siku moja, mkusanyaji anaitaka ile rangi ya uzee, hataki kioo. Lota yangu naifuta kwa kitambaa cha pamba na kuikausha ndani kwa kuigeuza usiku mzima. Bawaba na sehemu zinazocheza napaka tone la mafuta ya cherehani, tone moja.

Rangi usiiguse. Theo Bamberg, Mholanzi aliyejiita Okito (ni herufi za Tokio zilizopangwa upya), anasifika kwa vifaa vyenye michoro, na bei yake imekaa kwenye michoro hiyo. Ukipiga koti jipya umefuta sahihi ya mtu. Tena rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi ndani, nayo ni sumu, kwa hiyo usizipige msasa ukavuta vumbi lake.

Mipira ya zamani ya kuzaliana vidoleni isikilize kwa pua. Ikinuka kafuri, yaelekea ni seluloidi, ile ya mipira ya tenisi ya meza ya zamani. Inashika moto upesi mno, na ikizeeka hutoa hewa inayokula chuma kilicho karibu. Iweke peke yake, penye hewa, mbali na jiko na jua. Nilichelewa kujua hili na pete mbili zilipata kutu ambayo haikutoka.

Na fundi. Lota yangu ilibonyea nikaipeleka kwa fundi bati hodari sana. Akanyoosha. Kisha, kwa wema wake, akaweka lehemu mahali alipoona pana kasoro. Haikuwa kasoro. Wiki nzima lota ilikuwa lota tu, na Jumamosi nina harusi. Nilimlipa kuibandika na nikamlipa kuibandua. Siku hizi nasimama dirishani mpaka kazi iishe.

Mbele ya watu

Mazoezi ya kifaa cha zamani ni marefu kuliko ya kipya, kwa sababu kimezoea mkono wa mwingine. Nacheza na kila kifaa kipya kwangu kwa miezi mitatu kabla hakijaonekana. Siku ya kazi, advansi nusu kabla sijafunga tranka, na nusu nyingine mshereheshaji akiwa bado ananihitaji.

Jambo zito ni lingine. Ukitoka na masanduku ya ajabu yenye mashetani na majoka, Mtanzania haoni ukusanyaji, anaona uganga. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928, na inamgusa hata anayejidai tu kuwa na nguvu za giza. Inataja pia vifaa vya uchawi. Kwa hiyo natembea na kitambulisho cha msanii kutoka BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), risiti, na picha za vifaa. Na kabla ya mchezo wa kwanza nasema kwa sauti: "Ninachofanya ni kiini macho. Mikono yangu inawahi, macho yenu yanachelewa." Hakuna raha inayopungua, nimehakikisha kwa miaka zaidi ya thelathini.

Robert-Houdin, Mfaransa ambaye wengi humwita baba wa mazingaombwe ya kisasa, alitumwa na serikali yake Algeria mwaka 1856. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto aliliinua na mwanamume mwenye nguvu akashindwa. Ndani ilikuwa sumaku ya umeme. Kusudi lilikuwa kuwafanya Waalgeria waamini kwamba Mfaransa ana nguvu kuwashinda marabuti wao, yaani viongozi wao wa dini. Fundi mkubwa, nakubali, na kasha lake ningelitamani. Kazi aliyolifanyia sitaki kuifanya hata kwa bahati mbaya.

Bahati mbaya yenyewe huja hivi: nilikuwa na ndoo ya kudakia sarafu hewani, mchezo wa zamani unaopendwa kila mahali. Baada ya onyesho Mbagala mama mmoja alinifuata nyuma ya turubai, akafungua pindo la kanga, akanionyesha elfu hamsini. "Baba, niongezee tu hizi, za ada ya mtoto." Nilimweleza nusu saa. Sina hakika alinielewa. Tangu hapo ndoo ya sarafu naitoa hotelini tu, kwa wageni, na mitaani nadaka mipira.

Daftari

Kila kifaa kina ukurasa: nimekipata wapi, kwa shilingi ngapi, kina vipande vingapi, kimetengenezwa lini na nani. Siri iko kwenye bahasha tofauti, kwa binti yangu, ambaye hachezi mazingaombwe lakini anaweza kumpata anayecheza. Juu ya tranka nimeandika kwa rangi nyeupe, kwa ajili ya wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mtaani kwetu na mizani zao: LOTA SI SUFURIA MBOVU. HAIUZWI KWA KILO. PIGA SIMU KWA BINTI. Namba yake iko chini ya mfuniko.