Viza ya Uingereza kwa mjukuu anayesafiri na babu na bibi: anza na makaratasi ya mtoto

Likizo ya Desemba ikikaribia hekaheka zinaanza, shangazi mtu yuko London anataka wazazi wake waende wakamtembelee na waje na mjukuu, basi mzee anakimbilia benki kuchukua stetimenti akidhani hapo ndo pagumu. Pesa muhimu ndiyo, ila kwa safari ya namna hii kitu cha kwanza wanachotaka kujua maafisa wa viza ni huyu mtoto ni wa nani na nani kamruhusu atoke.

Hapa naongelea viza ya matembezi, ile Standard Visitor, kwa wenye pasi ya Tanzania. Inawapa hadi miezi 6, kipimo cha TB hakihusiki maana kile ni cha wanaokwenda kukaa zaidi ya hapo.

Hatua ya kwanza ni vyeti. Mtoto awe na pasi yake mwenyewe, na ili uonyeshe we ni bibi yake kweli unahitaji vyeti viwili siyo kimoja: cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kinachoonyesha mama yake au baba yake, halafu cheti cha huyo mama au baba kinachokutaja wewe. Vikae pamoja vinaelewana. Na majina sasa, uwiii, hapa watu wengi wanakwama, mama kwenye cheti chake ni Mwanaisha Juma, NIDA kaandikishwa Mwanaisha Hamisi kwa jina la mume, kwenye cheti cha mtoto karani kaandika Aisha. Afisa wa viza hakujui wala hajui mambo ya kwetu, kwake hao ni watu watatu. Nendeni kwa wakili mpate hati ya kiapo cha majina mapema, msingoje wiki ya mwisho.

Kama mzazi mmoja amefariki weka cheti cha kifo, kama waliachana na mahakama ikatoa amri ya malezi weka nakala ya amri. Na kuna wale wazee wamelea mjukuu toka mchanga bila karatasi yoyote, mtaa mzima unajua mtoto ni wao, lakini mtaa haupandi ndege jamani. Mama akiwepo popote atoe ridhaa, asipokuwepo kabisa ongeeni na ustawi wa jamii au wakili kuhusu amri ya ulezi kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na hilo lina muda wake kwahiyo msikate tiketi kwanza.

Hatua ya pili, barua ya ridhaa. Haihitaji maneno mengi, mnaweza kuiandika hivi: "Mimi fulani, NIDA namba kadhaa, mama mzazi wa fulani aliyezaliwa tarehe fulani, naridhia asafiri na babu yake fulani, pasi namba kadhaa, na bibi yake fulani, pasi namba kadhaa, kwenda London kuanzia tarehe hii hadi hii. Watafikia kwa wifi yangu fulani, anuani hii. Gharama atalipa fulani. Simu yangu ni hii." Sahihi, tarehe, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na mkiweza muhuri wa wakili. Baba na mama wote wasaini kama wote wapo. Iandikeni kwa Kiingereza kabisa, maana karatasi ya Kiswahili lazima iende na tafsiri yenye jina la mtafsiri, sahihi, tarehe, mawasiliano yake na maneno kwamba tafsiri ni sahihi.

Hatua ya tatu fomu, inajazwa onlaini gov.uk, mapema kabisa ni miezi 3 kabla ya safari. Kila mtu na fomu yake na namba yake ya maombi, ile inayoanza na GWF, mtoto naye, na ada ya mtoto ni ileile ya mtu mzima, hakuna nusu bei. Kwenye fomu ya mtoto utaulizwa anasafiri na nani, jazeni babu na bibi WOTE na namba za pasi, wanakubali watu wazima wawili. Usipomtaja bibi halafu babu akaugua siku ya safari, mtoto akija na bibi anaweza kurudishwa.

Pesa: slipu za pensheni, stetimenti, hati ya nyumba au leseni ya biashara, kitu cha kuonyesha mna pa kurudi, na kwa mtoto barua ya shule inayosema likizo inaisha lini. Shangazi akilipa kila kitu aandike hivyo na aweke vielelezo vya mshahara wake. Milioni kumi kuingia ghafla jana yake bila maelezo inatia shaka tu.

Baada ya kulipia mnachukua apointimenti kituo cha viza, nendeni wote na mtoto, akiwa chini ya miaka 5 anapigwa picha tu, alama za vidole hatoi. Majibu kwa kawaida ndani ya wiki 3 kuanzia hapo. Viza ikija ya kielektroniki bila stika, fungueni akaunti ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) ya kila mmoja kabla ya kwenda uwanjani.

Ratiba mnayoombwa iwe ya ukweli. Desemba London ni manyunyu na baridi, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, so usiandike bustani kila siku. Andika makumbusho ya South Kensington, kuingia bure na kuna njia ya chini kwa chini toka stesheni mpaka karibu na milango, mtoto halowi, na akiwa chini ya miaka 11 treni za chini anapanda bure na mtu mzima. Bima siyo sharti la viza lakini kateni, kwenye NHS, yaani hospitali za serikali kule, mgeni akilazwa anaweza kutozwa asilimia 150 ya bei yao na wazee na mvua ile mnajua wenyewe.

Barua ya ridhaa na vyeti viwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi mlilokabidhi. Uhamiaji wanaweza kuuliza huku na kule, na wanaweza kumuuliza mtoto mwenyewe huyu ni nani na unaenda kwa nani, kwahiyo ajue jina kamili la bibi, siyo "bibi" tu.