Ukimwonea mtu wivu, mwombee kwa jina

Jirani yangu alipoezeka nyumba yake kwa bati jipya, mimi nilikuwa bado nakinga maji ya mvua kwa sufuria sebuleni. Kila jua lilipopiga lile bati, kifua kilinibana. Tuliimba naye kwaya moja, na Jumapili ile hata salamu yake niliiitikia nusunusu.

Kilichonisaidia ni hiki: usimwombe Mungu akuondolee wivu tu, mwombee yule unayemwonea wivu. Mtaje kwa jina, utaje na kile kitu chenyewe. "Bwana, mbariki mama fulani, nyumba yake idumu, watoto wake walale pakavu." Siku za kwanza maneno yanakwama kooni, sikufichi. Endelea hivyohivyo, asubuhi kabla hujashika simu.

Halafu mpongeze kwa mdomo, na usichelewe. Warumi 12:15 inatuambia tufurahi pamoja na wanaofurahi, na naona hilo ni gumu kuliko kulia na wanaolia. Msibani twaenda wote. Kwenye furaha ya mwenzako ndipo miguu inakuwa mizito. Mimi nilibeba sukari kilo mbili nikaenda kumpa hongera. Akanikaribisha chai, akanisimulia miaka sita ya kudunduliza kwenye kikoba. Nilikuwa nimeliona bati, ile miaka sikuiona.

Ukiona aibu kumwambia Mungu una wivu, soma Zaburi 73. Asafu, mtunzi wa zaburi hiyo, alikiri wazi kwamba aliwaonea wivu waovu kwa mafanikio yao, na miguu yake ilikaribia kuteleza.